Haraka ya Nini: Maisha ya Dereva Nyamai Matheka, kutoka Jericho hadi Kyamalu

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Jericho, madereva na makondakta wa stendi, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu Alhamisi hii ya tarehe 9 Aprili 1987 mkaja kuketi nasi hapa mbele ya nyumba ya kaka yangu, poleni na asanteni. Jina langu ni Nthoki, kitinda mimba wa Matheka, ninayeuza mboga pale soko la Jericho, na wengi wenu mlinijua kwa sauti kabla ya kunijua kwa sura, ndiyo maana wazee walipotafuta msomaji hawakuhangaika, walisema karatasi apewe Nthoki, kipaza sauti cha kanisa kikikataa yeye hatakataa.

Najua kuna neno moja mnalolingojea kuliko haya mengine yote. Tangu Ijumaa iliyopita familia hii imevutana kuhusu safari ya kesho, madereva wenzake wanataka marehemu aende nyumbani kwa basi lake, lile lile aliloliendesha hadi likazeeka naye, na mwanawe wa kwanza, binti yake Koki, ambaye ni rubani pale Wilson, anataka kumpeleka kwa ndege, na katika kuvutana huko Koki ameambiwa kwamba anambeba baba yake maiti apate kumpandisha mahali alipokataa kupanda akiwa hai. Neno hilo lilisemwa hapa hapa, mbele yangu, na liliniuma. Uamuzi umetolewa asubuhi hii na mwenye mume, yaani Nthambi, mkewe, nami nimetumwa niutangaze, lakini sitautangaza sasa, kwa sababu hamtauelewa bila kuyasikia maisha yake, basi tulieni, na wewe kondakta Njogu na wenzako huko nyuma kwenye benchi, acheni kunung'unika, nawaona.

Nyamai Matheka alizaliwa tarehe 14 Agosti 1927 katika kijiji cha Kyamalu, kusini mwa Kitui, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu Matheka Ngui na mama yetu ambaye naye ametutangulia, na mama alipenda kusimulia kwamba siku hiyo alikuwa ametoka mtoni na mtungi, akajifungua karibu na njia, kwa hiyo mtoto huyu alianza kuishi barabarani kabla ya kuingia nyumbani. Alisoma shule ya misheni ya Kyamalu kuanzia Januari 1936 hadi darasa la nne mwaka 1940, na hakuwa mjinga, msije mkadhani, aliacha kwa sababu baba yetu aliugua na ng'ombe hawakuwa na mtu, na hadi mwisho wa maisha yake aliweza kukariri Zaburi nzima nzima bila kukosea, ingawa alizisema polepole kama alivyoendesha basi, hata kanisani walijifunza kutompa zile ndefu.

Mwezi Februari 1946 alikuja Nairobi, akapokelewa Muthurwa na mjomba wetu aliyekuwa akichochea moto kwenye injini za reli, wakalala sita katika chumba kimoja, na mjomba akamtafutia kazi ya utanboi katika lori la mawe. Miaka mitano alipakia na kupakua, akiosha lori la watu na kulitazama kama mali yake, hadi tarehe 3 Septemba 1951 alipopata leseni ya udereva, na siku hiyo, mjomba alituambia, alirudi Muthurwa akiwa ameishika leseni mkononi njia nzima, hakutaka kuitia mfukoni isikunjike. Aliendesha lori hadi Machi 1958, ndipo akaajiriwa na kampuni moja ya mabasi ya watu wa kwetu, akapewa njia ya kutoka Nairobi kupitia Machakos, Masii, Wamunyu na Kitui mpaka Kyamalu, na hakuiacha njia hiyo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 1985.

Ninyi mliopanda basi lake mnajua kwamba hakuwa na mbio. Abiria walipomlalamikia alikuwa akijibu bila kugeuza shingo, haraka ya nini, Kyamalu haihami, na jibu hilo likazoeleka hivi kwamba mwaka 1969 basi lilipopakwa rangi upya mwenye kampuni mwenyewe aliamuru liandikwe mbele, kwa herufi nyekundu, HARAKA YA NINI. Vijana wa hapa Jericho wakamwita Buda Haraka, yaani Mzee Haraka, wakimpigia saluti akipita, naye aliwajibu kwa honi, akijifanya amekasirika, na kumbe jina lilimpendeza kuliko lile la ubatizo. Lakini nisikieni vizuri, katika miaka ishirini na saba na zaidi ya mawe, matope na mito inayofurika, hakuua mtu, hakuvunja mtu mguu, na akina mama wa Kyamalu waliwatuma watoto wao wadogo peke yao hadi Nairobi kwa kumwambia tu dereva, Nyamai, huyu ni wako mpaka afike.

Tarehe 12 Desemba 1953, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa kanisani na Nthambi, binti wa Wamunyu, wa nyumba ya wachonga vinyago, na hapo ndipo tulipopata viti vya miguu mitatu mnavyovikalia sasa hivi, wakwe zetu hawakuja na maneno matupu. Mwaka 1962 walipata nyumba hii ya kaunsili, vyumba viwili, jirani yao wa mlango kwa mlango akiwa Tobias Omolo, karani wa reli kutoka Nyanza, na tangu hapo milango hiyo miwili imefungwa usiku tu. Mungu aliwabariki na watoto watatu, Koki aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1955, Ngui aliyezaliwa mwaka 1958 ambaye leo ni karani wa reli, kazi aliyoonyeshwa na Tobias, na Roseline aliyezaliwa mwaka 1963 ambaye ni mwalimu Machakos, na wajukuu ni wanne, wote wana sauti yangu.

Sasa nifike kwa Koki, maana huwezi kumsimulia Nyamai ukamruka huyu. Koki alimaliza kidato cha nne mwaka 1973, mwaka uliofuata akapata kazi ya kupiga taipu katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi pale uwanja wa Wilson, na baada ya miaka miwili ya kuandikia marubani barua zao akatangaza mezani, nikiwepo, nikila, kwamba ameomba nafasi ya kujifunza urubani na amekubaliwa kwa ufadhili. Jamani, chakula kilipoa! Nthambi aliweka mikono kichwani, mimi nikauliza kwa sauti hii hii kama kuna mwanamume atakayeoa mtu anayelala mawinguni, na tukamgeukia Nyamai tukitarajia apige meza, lakini yeye aliendelea kumenya kiazi chake kitamu, akakimaliza, akasema kwamba usukani umekuwa katika nyumba hii tangu kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo haoni cha ajabu, ila anataka kujua kitu kimoja tu, huko juu mtu akiharibikiwa anaegesha wapi.

Koki alipata leseni yake mwezi Machi 1979, na tangu mwaka 1980 moja ya safari zake za kawaida ikawa ni kupeleka dawa na wauguzi kutoka Wilson hadi kile kiwanja kidogo cha Kyamalu, kando ya zahanati ya misheni, kiwanja ambacho kama hamjakiona ni nyasi zilizofyekwa, kitambaa chekundu na cheupe juu ya mti, na mbuzi. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza ndani ya nyumba hii, ugomvi mtamu, ambao mtaa mzima uliingia. Koki alisema kwamba kutoka kiwanja hadi kiwanja ni kilomita mia moja na sitini na tano, dakika arobaini na mbili angani, baba yake akasema hapana, kutoka Nairobi hadi Kyamalu ni kilomita mia mbili na hamsini, saa saba na nusu kama mto umetulia, naye ameupima umbali huo kwa makalio yake, Koki akamwambia Baba, hizo nyingine ni kona, na baba akamwambia kona ndizo safari yenyewe, usipopita Masii utasemaje umesafiri.

Basi ndivyo tulivyoishi mwaka mzima, kila Jumapili baada ya ibada, watu wamegawanyika, akina mama na wasichana wako upande wa Koki, madereva, na wanaume wote waliowahi kutapika ndani ya gari wakaona ndiyo safari, wako upande wa Nyamai, hadi Tobias Omolo, kwa kuwa yeye ni mtu wa reli na hana upande, akatoa shauri kwamba wapimane. Siku ikawekwa, Jumamosi tarehe 22 Agosti 1981, siku ambayo Koki alikuwa na dawa za kupeleka Kyamalu na Nyamai yuko zamu, na Tobias akatunga sheria, kila mmoja aondoke asubuhi kutoka kituo chake, na mshindi ni yule atakayekuwa wa kwanza kushika mkononi kikombe cha chai nyumbani kwa mama yetu. Tobias alipanda basi awe mwamuzi, na katika ndege akatakiwa shahidi mwenye mdomo, nikachaguliwa mimi.

Ndugu zangu, nilivaa viatu vyangu vipya vya kisigino, nikapanda. Haraka ya Nini lilikuwa limeondoka stendi saa kumi na mbili, sisi tuliruka Wilson saa kumi na mbili na nusu, na sitawadanganya, nilifumba macho tangu magurudumu yalipoacha ardhi, nikamwahidi Mungu mambo ambayo mengine bado namwomba anisamehe, na kila nilipomuuliza Koki kama tumefika alinijibu kwa upole, Shangazi, fungua macho, nyumbani ni kuzuri kutoka huku. Niliyafungua mara moja, nikaona mto Athi umelala chini kama mkanda ulioanguka, nikayafumba tena. Saa moja na dakika kumi na mbili tukatua Kyamalu, mbuzi wakatawanyika, dakika arobaini na mbili kamili kama alivyosema, nikashuka nikacheza pale nyasini peke yangu, nikipiga vigelegele, nikijua wakati huo kaka yangu hajafika hata Machakos.

Kisha tukatazamana. Muuguzi wa zahanati alikuja kwa miguu, akachukua sanduku lake la dawa, akashukuru, akaenda zake, na hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo mtaa mzima wa Jericho, na makelele yetu yote ya mwaka mzima, haukulifikiria hata mara moja, kwamba kutoka kiwanjani hadi kwa mama ni kilomita kumi na tisa za mawe na kilima, na Kyamalu hakuna gari, hapajawahi kuwa na gari, mtu yeyote anayetoka Nairobi anafika kwa basi la Nyamai. Kutembea hatukuweza, mimi na visigino vyangu, na Koki hakuweza kuiacha ndege kwa mbuzi kabla mlinzi wa zahanati hajarudi kutoka shambani. Tukaketi chini ya bawa. Jua likapanda, bawa likaishiwa kivuli, nikahamia upande wa pili, nikavua viatu, nikamtukana Tobias na sheria zake, na Koki, rubani mzima, akatoa furushi la mkate alilofungiwa na mama yake tukala tukiitazama barabara.

Saa saba mchana, mlinzi akiwa amesharudi, tukaona vumbi. Haraka ya Nini likaja polepole, kama kawaida yake, likasimama mbele yetu, na dirishani nikaona uso wa kaka yangu, nami nikajiandaa kwa dhihaka ambayo ningeibeba hadi kaburini, lakini Nyamai alizima injini, akaniuliza tulitua saa ngapi, nikamwambia, akasimama katikati ya basi, akavua kofia, akawaambia abiria wake, nami namnukuu, "Huyu ni binti yangu, Koki. Ametoka Nairobi saa kumi na mbili na nusu, amefika hapa saa moja na dakika kumi na mbili, na ndege ameendesha mwenyewe. Ninyi mnaosema mimi napoteza muda, mpandeni yeye." Basi zima likapiga makofi, mama mmoja mwenye kuku akapiga vigelegele, kuku naye akajibu, na Koki akasimama pale mlangoni hajui aweke wapi mikono. Ndipo kaka yangu akavaa kofia, akasema kwa sauti yake ya kila siku, sasa sogeeni nyuma mumpishe rubani, na dada yangu apewe kiti, ameshindwa na viatu.

Tukafika kwa mama pamoja, saa nane kasorobo. Mama alitoka na birika, akatutazama wote mstari mmoja, mwanawe, mjukuu wake, mimi nimebeba viatu, akatupita, akampa kikombe cha kwanza Tobias Omolo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgeni, na mama yetu hakuwa mtu wa kumnywesha mtoto wa nyumbani mgeni akitazama. Kwa sheria ya Tobias mwenyewe, mshindi akawa Tobias. Mpaka leo anaringa nayo, mtazameni anavyotabasamu na huku analia.

Sasa kuna jambo ambalo Koki mwenyewe hakulijua hadi juzi, na aliyemwambia ni Njogu, aliyekuwa kondakta wa Haraka ya Nini kwa miaka kumi na moja. Njogu alimwambia kwamba tangu siku ile, kila basi lilipopita mbele ya kile kiwanja, iwe kuna ndege au mbuzi tu, Nyamai alipunguza mwendo akawasimulia abiria, hapa ndipo binti yangu hutua, dakika arobaini na mbili, akaisimulia hivyo kwa zaidi ya miaka minne, mara tatu kwa wiki, kwa abiria wale wale, hata wakawa wanamsaidia kumalizia. Lakini nyumbani, mbele ya Koki, hakukubali kushindwa hata siku moja, alisema tu kwamba yeye alimkuta msichana ameachwa njiani akambeba.

Na ni kweli, madereva, kwamba alikataa kupanda. Koki alimwalika mwaka 1982, akaenda Wilson amevaa suti, akaizunguka ndege, akaipiga teke magurudumu kama ilivyo desturi yenu, akasema matairi ni madogo, akarudi Jericho. Alialikwa tena mwaka 1984, akaizunguka, akauliza mahali pa kutia maji ya rejeta, akaambiwa haina rejeta, akarudi Jericho. Mnamjua, alikuwa na msemo wenu ule kwamba dereva hapakiwi, hakukubali kuendeshwa na mtu, alipokwenda harusi ya Roseline aliendesha yeye, na alikuwa baba wa bibi harusi! Kila alipotoka Wilson alikuja kwenu pale stendi, ile mnayoiita eapoti, yaani uwanja wa ndege, kwa utani, mkacheka naye, mkasema Nyamai hawezi kutiwa ndani ya mkebe. Kwa hiyo sishangai mliposikia ndege juma hili mkasema Koki anamdhulumu baba yake. Mlisema mlichokijua.

Lakini hamkujua yote, na leo nafungua kinywa. Mwezi Novemba 1986, karibu mwaka mmoja baada ya kustaafu, Jumapili moja jioni, tukiwa watu wanne tu mezani, yeye, Nthambi, Koki na mimi, Nyamai aliweka kikombe chini akasema anataka kupanda. Akasema, "Barabara ile nimeiona kutoka mbele tu, kipande kwa kipande, miaka yote hiyo. Sijawahi kuiona yote kwa pamoja. Nataka kuiona ikiwa nzima." Kisha akasema dereva hapakiwi, lakini Koki si mtu mwingine. Siku ikapangwa hapo hapo, Jumamosi ya Pasaka, tarehe 18 mwezi huu wa Aprili, kiti cha mbele, kando ya rubani, naye akatuapisha wote watatu kwamba neno hili lisifike stendi mpaka awe amekwenda na kurudi, maana alijua mtakavyomcheka, na alitaka awaambie yeye mwenyewe, mmoja mmoja, mkiwa na chai. Juma lililofuata alikwenda Muthurwa akanunua miwani ya jua, akaivaa sebuleni humu, akatuambia kule juu mtu yuko karibu na jua, ni lazima ajiandae.

Koki alishika kiapo hicho. Mmemwambia maneno tangu Ijumaa, yeye akanyamaza, kwa sababu baba yake alisema mpaka arudi, na baba hajarudi. Ni Nthambi aliyesema asubuhi hii kwamba imetosha, kiapo kimekwisha, mtoto wangu asizidi kuonewa. Njogu, usiinamishe kichwa, hukujua, hakuna mtu anayekulaumu hapa.

Ugonjwa wa moyo ulianza mwezi Januari mwaka huu, kwa pumzi kumwishia akipanda ngazi za kanisa, akasema ni uzee, mwezi Machi miguu ikavimba, na tarehe 17 Machi alipokubali kwenda hospitali kuu alikwenda kwa gari la Tobias, lakini aliendesha mwenyewe, mgonjwa akiwa usukanini na mwenye gari mzima kabisa amekaa kando, wakabishana njia nzima kuhusu gia. Alilazwa, akatibiwa vizuri, akawachekesha wauguzi kwa kuwauliza kila asubuhi kitanda chake kina maili ngapi, na Koki alimtembelea kila alipotoka kazini, amevaa sare yake, na wagonjwa wa wodi nzima waliambiwa, hata wale wasioweza kusikia, huyu ni binti yangu, dakika arobaini na mbili. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili 1987 Nyamai Matheka aliiaga dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa Nthambi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Huu ndio uamuzi, sikilizeni. Kesho Ijumaa, Haraka ya Nini litaondoka hapa Jericho saa kumi alfajiri na waombolezaji wote, likiendeshwa na yule kijana aliyerithi usukani wake, Njogu akiwa mlangoni kama zamani, lipite njia yake yote bila kukata kona hata moja. Saa tano asubuhi Koki ataruka kutoka Wilson na baba yake, akiwa na rubani mwenzake Gordon kando yake, na viti vya nyuma vimeshatolewa. Na kutoka kiwanjani hadi nyumbani, zile kilomita kumi na tisa za mawe, Nyamai atapakiwa katika basi lake, mabegani mwenu ninyi madereva, kwa sababu Kyamalu hakuna mtu aliyewahi kufika nyumbani bila basi hilo, na yeye hatakuwa wa kwanza.

Ila kesho ndege haitachukua dakika arobaini na mbili. Koki ameniambia kwamba hatapita ule mstari wake ulionyooka, ataifuata barabara, Athi River, stendi ya Machakos, kona za Masii, Wamunyu kwa wakwe, daraja la mto Athi, soko la Kitui, mpaka Kyamalu, kona kwa kona, chini chini kadiri sheria inavyoruhusu, baba yake aione ikiwa nzima kama alivyoomba, na nilipomuuliza itachukua muda gani alinijibu kwamba hajapiga hesabu na hatapiga. Ile miwani imo katika mfuko wa juu wa koti alilovalishwa. Na pale nyasini, chini ya kile kitambaa, safari hii basi litakuwa limefika zamani, limezima injini, linaingoja ndege.

Kwa niaba ya familia namshukuru kila daktari na muuguzi aliyemtunza kaka yetu hadi pumzi ya mwisho, nawashukuru majirani wa Jericho waliopika, waliofagia na waliolala nasi sakafuni siku hizi zote, Tobias Omolo na nyumba yake ambao sijui niwaite majirani au ndugu, madereva na makondakta wa stendi waliokuja kugombana nasi kwa sababu walimpenda, na marubani na mafundi wa Wilson ambao leo wameiosha ndege kama tulivyokuwa tukiliosha basi siku ya harusi. Kama kuna niliyemsahau asinune, anipitie sokoni nimkatie sukuma wiki.

Kaka yangu Nyamai, umewapeleka watu nyumbani maisha yako yote, hukuwahi kumwachia mtu usukani, na kesho utamwachia mwanao. Kaa upande wa dirisha, usimfundishe kazi, tazama barabara yako. Pumzika kwa amani, kaka, haraka ya nini.